Uwazi wa Kidole Kimoja

Fundi Owuor alikuwa na ugonjwa ambao hospitali yote ya Nakuru haikuwa na dawa yake: alikuwa anajua. Ukimwambia mvua inakuja, yeye aliijua tangu jana. Ukimletea habari ya msiba, alishaiota. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu, alicheka kwa sauti kubwa, na katika mtaa mzima wa Bondeni, mwaka huo wa hamsini na saba, hakuna aliyepiga randa akamfikia. Lakini kumwambia Owuor kwamba hapa umekosea ilikuwa kazi sawa na kumkama fahali maziwa.

Mtu aliyemwamini kuliko wote ni mdogo wake, Odero. Mama yao alifariki Odero akiwa bado anatambaa, na Owuor ndiye aliyemlea kule mwaloni kwao, ukingoni mwa ziwa kubwa la Nyanza, walikozaliwa wote wawili. Ndiye aliyemleta Nakuru kwa gari la moshi, akamtafutia kazi, akamsimamia hadi akamwoa Namalwa, msichana wa Kibukusu aliyekuwa na maneno machache na macho makali. Odero alikuwa mtu mzima sasa, mwenye nyumba na mke, lakini akibishana na mtu juu ya lolote, iwe mpira au Biblia, alimaliza kwa kusema, "Kaka amesema hivyo," na kwake maneno yaliishia hapo.

Laiti ile mashua ingezama huko ilikotoka kabla ya kupakiwa kwenye behewa! Lakini haikuzama. Ilishushwa stesheni ya Nakuru mwezi wa tatu, nyeupe, inang'aa, mali ya mzungu mmoja wa Kabazi aliyelima pareto. Wafanyakazi wake walimwita Bwana Kiberiti, maana hasira yake ilihitaji msuguano mdogo tu. Mashua yenyewe ilikuwa ya mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, nyepesi ajabu, na nyuma kabisa ilining'inizwa injini iliyokaribia uzito wa gunia la mahindi. Bwana Kiberiti alitaka kuipeleka Naivasha kila Jumamosi, na siku nyingine ilale Nakuru katika stoo yake karibu na reli. Mlinzi wa stoo hiyo alikuwa Odero. Bwana aliposikia kwamba Odero amekulia ziwani, akamfanya nahodha papo hapo.

Kilichokosekana ni trela. Kazi ya chuma akapewa Saad, fundi wa kuchomelea aliyekuwa na karakana nyuma ya msikiti. Wazee wa Saad walitoka pwani pamoja na reli, na yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo Bondeni. Kazi ya mbao, yaani zile mbao mbili ndefu ambazo mashua ingelala juu yake, akapewa Owuor.

Saad alitengeneza trela yake kwa ekseli ya lori kuukuu, akaurefusha mgongo wa chuma hadi ulipoishia tako la mashua, kisha akaweka mwamba wa chuma uliokingama hapo mwisho. Owuor alipofika kupima, alisimama mbele ya ule mwamba kwa muda, mikono kiunoni.

"Hii ya nyuma uikate," alisema.

"Niikate kwa nini?"

"Imezidi. Mbao zangu zitaishia hapa." Akaonyesha kwa kidole mahali palipokuwa dhiraa moja nzima kabla ya mwisho wa mashua.

Saad aliweka nyundo chini. Alikuwa mtu wa taratibu, hapandishi sauti. "Owuor, injini inakaa wapi?"

"Nyuma."

"Na wewe unataka nyuma ikae hewani, kama mtu anachungulia kisima, na gunia la mahindi limemshika suruali?"

Watu wawili watatu waliokuwa wakisubiri baiskeli zao wakaanza kucheka. Hilo lilimkera Owuor. "Saad, wewe umezaliwa wapi?"

"Si unajua. Hapa."

"Umewahi kuvua samaki?"

"Nimewahi kununua."

Sasa kicheko kilimgeukia Saad, na Owuor akapandwa na mori. Akawaeleza wote kwamba kwao mashua haivutwi nchi kavu ovyo ovyo. Inalazwa juu ya magogo, tumbo limeshikwa vizuri, lakini tako linaachwa wazi, ili alfajiri wanaume walishike na kuisukuma majini. Yeye alipokuwa mdogo aliwahi kuweka gogo chini ya tako, na baba yake alimchapa kwa mpini wa kafi. Tako la mashua haliegemezwi. Ndiyo sheria ya ziwa, na watu waliishi nayo kabla reli haijafika.

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Baba yake alikuwa mjenzi hodari wa mashua na hakuwahi kuzama. Ila mashua za baba yake zilisukumwa kwa kafi na tanga, uzito wake wote ukiwa katikati, na hazikuwahi kubeba chuma chochote nyuma. Hilo Owuor hakulifikiria, kwa sababu mtu anayejua hana sababu ya kufikiria.

"Kazi ya mbao ni yako," Saad alisema mwishoni, akawasha moto wake. "Nakata. Lakini nimekwambia, na hawa wamesikia."

Na ni lazima tumpe Owuor haki yake: kazi nyingine yote aliyoifanya kwenye trela ile ilikuwa ya kupigiwa mfano. Alichagua mbao za podo zisizo na fundo hata moja. Alilala chali chini ya mashua nusu siku, akigonga tumbo lake kwa kifundo cha kidole ili ajue mbavu za ndani zinapita wapi, kisha akaziweka mbao zake chini ya mbavu hizo sawasawa, zikafuata mteremko wa tumbo kushoto na kulia. Vichwa vya bolti alivizamisha ndani ya mbao visije vikakwaruza rangi. Juu akazungushia turubai la hema kuukuu, akalivuta hadi likakaza kama ngozi ya ngoma. Mashua iliposhushwa juu ya mbao hizo, haikutikisika hata kidogo. Nyuma tu, ile dhiraa moja, ilibaki hewani na injini yake.

Bwana Kiberiti aliizunguka mara mbili. Akainama akaangalia nyuma. "Fundi, hii hapana shikwa na kitu. Iko sawa?"

"Bwana, hiyo ndiyo desturi ya ziwa letu. Tako la mashua haliegemezwi."

Mzungu aliipenda hiyo. Aliikariri kwa wenzake klabuni, kwamba watu wa ziwani wana elimu yao ya zamani. Odero naye aliikariri kule Naivasha kila Jumamosi, kwa yeyote aliyeuliza mbona trela yao ni fupi. Mwezi wa tano ulipofika, nusu ya watu waliofunga mashua zao kwenye mwalo ule walijua kwamba nahodha wa Bwana Kiberiti ana kaka Nakuru, fundi wa ajabu, aliyezaliwa ndani ya mashua.

Barabara, hata hivyo, haikusikia sifa hizo. Miezi hiyo walikuwa wakiitengeneza kabla na baada ya Gilgil, na magari yalitupwa kandokando kwenye njia za muda, zilizojikunja kama bati. Kipketer, dereva wa bwana, aliona kwenye kioo chake jinsi injini ilivyokuwa ikitingisha kichwa huko nyuma njia nzima, kama mzee anayesinzia kanisani. Alimwambia Odero. Odero alimjibu, "Kaka amesema hivyo ndivyo inavyotakiwa," na Kipketer, ambaye kwao Baringo alikuwa akivuka maji kwa mtumbwi wa vijiti, akarudisha macho barabarani.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane, Odero alimwita kaka yake stoo. Kule nyuma ya mashua, karibu na injini, palikuwa na sanduku dogo la kuwekea kamba, na kifuniko chake kilikuwa kimeanza kukataa kufunga. Mwanzoni kilihitaji kusukumwa. Sasa kilikuwa kimebaki nje upana wa kidole, hata ukikikalia.

"Mbao imevimba maji," Odero alisema. "Ikwangue kidogo tu, kaka." Akaenda kufungua lango la stoo, maana lori la pareto lilikuwa limefika.

Owuor alikishika kifuniko. Hakikuwa kimevimba. Kilikuwa kikavu, na pembe zake zilikuwa mraba kama siku kilipotoka kiwandani. Sanduku ndilo lililokuwa limepinda. Alipiga magoti, akaingia chini ya trela, akatoa uzi wake wa chaki mfukoni. Ncha moja aliibana kwenye ukingo wa tako, nyingine akaivuta mbele hadi katikati ya tumbo, akaukaza.

Uzi uligusa huku na ukagusa kule. Katikati haukugusa. Palikuwa na uwazi, na mwanga wa mlango ulipita ndani yake. Aliingiza kidole cha shahada, kikaingia chote bila kukwaruzwa. Tumbo la mashua, lililotakiwa kuwa limenyooka kama rula, lilikuwa limevunjika mgongo hapo hasa mbao zake zilipoishia, na tako lilikuwa limelala chini kwa uzito wa injini.

Alikaa huko chini, kidole bado ndani ya uwazi. Mtu aliyekulia kwenye mashua hahitaji kuelezwa maana yake. Chombo chenye tumbo la namna hiyo, kikienda polepole kitakusamehe. Kikienda kasi, maji yatalisukuma tako juu na pua chini, na pua ikishaingia majini, nahodha hana tena la kufanya. Saad aliliona hilo mwezi wa tatu, Saad ambaye samaki amewahi kununua tu.

Hofu ilimshika, naam, lakini aibu iliwahi kufika kabla yake. Aliwaona wale watu wa baiskeli wakicheka. Alimwona Bwana Kiberiti akirudi klabuni na hadithi mpya. Alimwona Odero akimwangalia kwa macho ambayo hajawahi kumwangalia nayo, macho ya mtu anayejiuliza ni mangapi mengine aliyoyashika kwa miaka yote hiyo yalikuwa ya uongo. Akajiambia kwamba atapata njia. Atatengeneza mbao ndefu kimyakimya, atasema ni kwa ajili ya barabara mbaya, tumbo litarudi lenyewe. Mbao hukumbuka, alijiambia, ingawa alijua kwamba mbao zilizogundishwa hazikumbuki kitu.

Akatoka chini. Akachukua randa yake, akakipunguza kifuniko kidogo kidogo upande mmoja, akakijaribu, akakipunguza tena, hadi kikafunga ta! kama kipya.

Odero alirudi, akakifunga na kukifungua mara tatu. "Kaka, mkono wako una dawa," alisema.

Jumamosi hiyo walienda Naivasha na wakarudi salama. Owuor alimngoja Odero stoo, eti amepita tu. Odero alimwambia kwamba mashua ilikuwa ikivuta kushoto, mpaka mkono ulimchoka.

"Ni upepo," Owuor akasema.

"Hata mimi nilidhani ni upepo."

Ndivyo siku zilivyopita. Kila asubuhi Owuor alisema leo, na kila jioni alikuwa na sababu. Alinunua mbao ndefu, akaziweka pembeni, hakuzigusa. Usingizi ulimhama. Mke wake alimuuliza kama ana homa, akasema ndiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakutaja kwamba kifo chenyewe kinaweza kumkuta mtu mwingine.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Odero alipita karakana akiwa na furaha kama mtoto wa sikukuu. Kesho kulikuwa na mashindano. Mzungu wa Njoro amemtania Bwana Kiberiti kwamba mashua yake ni ya kubebea mboga, na bwana amewaka. Wataondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wataenda hadi kwenye pipa linaloelea na kurudi, wao wawili tu ndani, yeye na bwana, injini ikiwa imefunguliwa hadi mwisho.

"Hadi mwisho?" Owuor aliuliza.

"Hadi mwisho! Hatujawahi kuifungua yote. Ungekuja uone, kaka."

Owuor alifungua mdomo. Akasema anawatakia kila la heri.

Asubuhi ya Jumamosi, jua limeshapanda, alijikuta amesimama mbele ya karakana ya Saad, na uzi wa chaki na rula ndefu mkononi. Alisema kwa mara moja, kama mtu anayetapika: "Imepinda. Nyuma, pale ulipokata. Na leo wanashindana."

Saad alimtazama. "Umewaambia?"

"Bado."

"Umejua lini?"

Owuor aliangalia chini. Saad alingoja, kisha akatingisha kichwa. "Basi mimi usinijibu. Nenda, ndugu yangu. Basi la saa mbili bado liko stendi. Kimbia."

Alikimbia. Basi lilikuwa limejaa, akasimama. Walipofika Gilgil, palikuwa na kizuizi. Miaka ile ya hali ya hatari haikuwa imekwisha, na askari waliwashusha abiria wote, wakawapanga mstari kando ya barabara, vipande vyao vya utambulisho mkononi. Cha Owuor kilikuwa safi. Lakini askari mmoja akaishika ile rula, akaigeuza, akaukunjua uzi wote.

"Hii ya nini?"

"Mimi ni fundi wa mbao, afande. Naenda kupima mashua."

"Mashua Gilgil?"

Wenzake walicheka. Wakamweka pembeni pamoja na wengine wawili. Alieleza, akaeleza tena, sauti ikaanza kumtetemeka, na mtu anayetetemeka mbele ya askari hujiongezea mashaka. Basi liliondoka bila yeye. Walimwachilia baada ya saa nzima, akapata lori la mchanga, na alipoteremka Naivasha jua lilikuwa karibu utosini. Ile njia ya kwenda ziwani aliimaliza nusu kwa kutembea, nusu kwa kukimbia, viatu vikimchubua. Upepo ulikuwa umeanza, ule upepo wa mchana wa Naivasha unaoanza ghafla na kuyageuza maji kuwa ya kijivu.

Mashua ilikuwa tayari majini. Odero alikuwa amesimama, maji yamemfika magotini, ameishika isiende na mawimbi. Chini ya hema wazungu walikuwa wakinywa, na Bwana Kiberiti alikuwa akifungwa fulana ya maboya kifuani.

"Odero!"

Odero aligeuka, uso ukamng'aa. Kisha akauona uso wa kaka yake. "Ni nini? Ni Namalwa?"

"Namalwa mzima. Usiende." Owuor aliingia majini na viatu vyake. "Tumbo limepinda huku nyuma. Ukifungua moto wote, itatia pua. Usiende, omera, ndugu yangu, nakusihi."

Mkono wake wa kushoto, ule uliochoka Jumamosi iliyopita, ulikuwa juu ya ukingo wa mashua. Alimwangalia kaka yake kwa makini, na wakati huo, kama angetaka kuamini, nusu ya neno ingetosha.

"Umeona," aliuliza, "ama umefikiria?"

Nyuma yao Kipketer alikuwa amesogea kusikiliza. Mpishi wa bwana alikuwa amesimama na trei. Mabaharia wa mashua nyingine, watu wale wale waliosimuliwa kwa miezi mitano juu ya fundi wa Nakuru, walikuwa wamegeuza vichwa. Owuor alijua kwamba akisema ameona, swali litakalofuata ni lini. Na akijibu lini, kile kifuniko kitafuata.

"Nimefikiria," alisema. "Nimefikiria sana."

Odero akashusha pumzi, akatabasamu. "Kaka, mtu akikosa usingizi huona hata fisi amevaa koti. Wewe mwenyewe uliipanga hii. Kuna nani wa kuipanga kukushinda?"

"Hata mimi naweza kukosea."

"Wewe?" Odero akacheka, akainamisha kichwa karibu naye na kushusha sauti. "Usiseme hivyo hapa mbele ya watu. Jina lako litaharibika bure. Nitaenda, nitarudi, tutaongea nyumbani."

Bwana Kiberiti alikuwa amefika. "Fundi nataka nini?"

"Anasema niende polepole, bwana," Odero akajibu.

"Leo hapana polepole!" bwana akasema, na wote waliokuwa hapo wakacheka, na Odero naye. Akapanda. Owuor aliushika ukingo wa mashua. Ulimteleza mkononi.

Kwenda walikwenda vizuri, kwa sababu walikuwa wanapanda dhidi ya upepo na injini haikufunguliwa yote. Walilizunguka pipa wakiwa nyuma kidogo ya mzungu wa Njoro. Ndipo mlio wa injini ulipobadilika, ukawa mwembamba na mkali, na watu chini ya hema wakasimama kushangilia. Owuor hakushangilia. Aliiona pua ya mashua ikiinuka, ikakaa juu kwa muda, kisha ikaanza kuteremka polepole huku kasi ikizidi. Iliteremka kama ng'ombe anayeinama kunywa. Aliona mkono wa Odero ukivuta usukani, ukivuta tena. Pua ikaingia majini, mashua ikajipinda kushoto yenyewe, ikasimama ubavu, na ikawaangukia wote wawili.

Kofia nyeupe ya bwana ilionekana mapema, fulana yake ilimweka juu, na mzungu wa Njoro akamchukua. Owuor alikuwa tayari anaogelea. Walimzuia watu wawili wa mwaloni, wakamrudisha kwa nguvu, wakisema kuna viboko, wakaenda wao kwa mashua. Walimpata Odero saa tisa, kwenye mafunjo. Alikuwa na jeraha moja tu, nyuma ya sikio.

Bwana Kiberiti alikuja akiwa amejifunga blanketi, meno yanagongana. Alimshika Owuor mkono, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya kwa fundi. "Wewe nasema kweli," alisema. "Mimi hapana sikia. Wewe nasema kweli."

Kipketer naye aliisimulia habari hiyo njiani, akaisimulia stesheni, akaisimulia kwenye landhi, zile nyumba za mistari karibu na reli, walikoishi Odero na Namalwa. Jumapili mchana, watu walipokuja kukaa na mjane wakati maiti ikingoja gari la moshi la kwenda Nyanza, habari ilikuwa imeshatangulia kila mahali. Fundi alijua. Alikuwa mbali, akajua. Aliingia mpaka ndani ya maji na viatu vyake akamwomba mdogo wake asiende, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Wazee walimpa mkono wakiinamisha vichwa. Mama mmoja wa kanisani alisema Mungu amempa kipawa. Saad alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, kofia juu ya goti, na hakuinuka kumpa mkono.

Owuor alikaa kwenye kiti alichopewa. Kila aliyemsifu alimsukumia kitu kizito kifuani, na yeye alikipokea, kwa sababu hakujua pa kukiweka. Kisha Namalwa akatoka chumbani. Macho yake yalikuwa makavu. Alimletea kikombe cha chai kwa mikono miwili, akapiga goti kama anavyotakiwa kwa mkubwa wa mume wake.

"Shemeji, asante," alisema. "Wote walimwacha aende. Wewe peke yako ulijaribu."

Owuor alikiweka kikombe chini, kwenye sakafu.

"Sikufikiria," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na waliokuwa karibu wakageuka. "Nilimwambia nimefikiria. Sikufikiria. Niliona. Nililala chini yake na uzi nikaona. Kidole changu kiliingia."

"Uliona lini?" Namalwa akauliza, bado yuko chini.

"Alhamisi. Siku niliyotengeneza kifuniko."

"Alhamisi hii iliyopita?"

"Ile nyingine."

Namalwa alihesabu siku kwa vidole, polepole, midomo ikicheza bila sauti: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Alipofika kidole cha nne akasimama.

"Jumapili hiyo ulikuwa hapa," alisema. "Nilichinja kuku. Firigisi nilimwekea mwenye nyumba, kama desturi, ikiwa kwenye sahani yake. Akaitoa kwa mkono wake, akakuwekea wewe. Akasema hawezi kuila kaka yake akiwa amekaa hapo."

Owuor alikitazama kikombe pale sakafuni.

"Uliila, shemeji?"

"Niliila," Owuor akasema.

Namalwa akainuka kutoka kwenye goti lake. Akaokota kile kikombe cha chai, akaenda nacho nje, na watu wakamsikia akiimwaga.